Fundi wa Kikao

Skramu ni mtindo wa timu ndogo kufanya kazi, hasa timu za watengeneza programu. Mwongozo wake, ambao Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 na kuufanyia marekebisho makubwa mwaka 2020, ni kijitabu ambacho mtu anakimaliza kwa mkao mmoja. Ndani yake mna kazi moja ya ajabu. Anayeishika huitwa skramu masta, na anawajibika kwa ufanisi wa timu nzima. Timu ikizubaa, yeye ataulizwa. Lakini upekue mwongozo huo mwanzo hadi mwisho, hutaona mahali alipopewa mamlaka ya kumpangia mtu kazi, kuchagua teknolojia, kukadiria ukubwa wa kazi au kusema kipi kianze na kipi kifuate. Hayo yote ni ya wengine. Amekabidhiwa mzigo bila kukabidhiwa rungu.

Wapo wanaosema kazi ya namna hiyo si kazi, ni cheo cha kupitisha muda. Mimi nimekaa katika vikao vilivyoendeshwa vizuri na vilivyoendeshwa ovyo, na nimefikia mahali pa kusema bila kusita kwamba huu ni ufundi kamili. Una zana zake na mbinu zake, na una makosa ambayo mwanafunzi huyafanya na fundi hayafanyi. Tatizo lake ni kwamba hauonekani kwa mbali. Anayepita nje ya mlango anaona watu wanaongea tu. Inabidi uingie, ukae, utazame mikono ya mwendeshaji.

Kwanza mazingira yake, kwa ufupi. Februari 2001 watu 17 waliokuwa wakitengeneza programu za kompyuta kwa njia tofauti tofauti walikutana Snowbird, kwenye milima ya jimbo la Utah, Marekani, wakakubaliana tamko fupi lenye maadili manne na kanuni 12. Tamko hilo ndilo lililoupa jina mtindo wa ajaili: kazi igawanywe katika vipindi vifupi, kitu kinachofanya kazi kionyeshwe mapema, mteja asikilizwe njiani badala ya mwishoni, na mpango ubadilike hali inapobadilika. Mojawapo ya kanuni hizo inasema kwamba usanifu bora hutoka kwa timu zinazojipanga zenyewe. Skramu ilikuwa imeshatangulia. Schwaber na Sutherland waliiwasilisha hadharani mwaka 1995, na picha ya timu inayosonga mbele kwa pamoja waliipata katika makala ya Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, iliyotoka mwaka 1986. Timu yake kwa kawaida haizidi watu kumi. Kipindi cha kazi, kinachoitwa sprinti, hakivuki mwezi mmoja, na kila siku kuna kikao cha dakika 15.

Timu inayojipanga yenyewe maana yake ni timu inayoamua yenyewe, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Watu wanane waliokusanywa chumbani na kuambiwa "amueni" hawaamui wanane. Anaamua mwenye sauti kubwa, au mwenye umri mkubwa, au aliyekaa karibu na bosi jana wakati wa chakula cha mchana. Mara nyingine anaamua uchovu: saa sita na nusu imefika, watu wana njaa, wazo la mwisho kutajwa ndilo linalopita. Kumwondoa meneja chumbani hakuleti uamuzi wa pamoja. Kunaacha kiti kitupu, na kiti kitupu hakikosi mtu wa kukikalia.

Nichukue kikao kimoja cha makadirio, kwa sababu hapo ufundi huu unaonekana mpaka kwenye vidole.

Timu inatengeneza mfumo wa malipo wa zahanati. Kazi iliyo mezani inasomeka kirahisi: mgonjwa alipie kwa simu, na risiti iingie yenyewe kwenye faili lake. Kila mmoja ana kadi zenye namba, 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea, zinazoonyesha ukubwa wa kazi wala si siku zitakazotumika. Namba zinaachana zaidi kadiri zinavyopanda, kwa sababu kazi ikiwa kubwa, kuhakiki tofauti ndogo ni kujidanganya. Mchezo huu aliuanzisha James Grenning mwaka 2002, na Mike Cohn akaueneza kwa kitabu chake cha mwaka 2005. Mizizi yake inarudi nyuma hadi miaka ya 1950, kwa watafiti wa taasisi ya RAND nchini Marekani waliotaka kukusanya maoni ya wataalamu bila mtaalamu mmoja kumfunika mwenzake.

Mwendeshaji ni dada mmoja mtulivu. Hana kadi mkononi. Anasoma kazi, anauliza kama kuna asiyeielewa, anangoja, kisha anasema kila mtu achague kadi na kuilaza kifudifudi. Anahakikisha zote zimelala. Hapo tu ndipo anapohesabu, na kadi zote zinafunguliwa kwa pamoja. Tatu, tatu, tano, tatu, tano. Fundi mkongwe aliyeujenga mfumo wa zamani ameweka tatu. Karibu na mlango amekaa binti aliyetoka chuoni hivi karibuni, na kadi yake ni kumi na tatu.

Mwanafunzi wa ufundi huu angesema, "Kumi na tatu? Mbona nyingi hivyo?" Chumba kingecheka kidogo, binti angesema amekosea kadi, na kazi ingepita kwa tatu. Ni sentensi ya sekunde mbili, na ingetosha kuzika jambo lenyewe. Dada alisema hivi: "Kuna mtu ameona kitu ambacho sisi wengine hatujakiona. Tumsikilize wa kumi na tatu kwanza, halafu wa tatu."

Binti akaanza kwa kujipunguza, kama tulivyofundishwa wengi wetu mbele ya wakubwa. "Samahani, labda mimi sijaelewa vizuri..." Kisha akanyamaza. Dada hakumsaidia. Hakusema "usiogope," hakumalizia sentensi yake, hakumtupia mwingine swali. Alitulia, macho yake yakiwa kwa binti bila kumkazia, na akawa amegeuza bega kidogo kuelekea kwa kaka mmoja ambaye kila mara huwa wa kwanza kujaza kimya. Bega lile lilitosha kumzuia. Ukimya ukawa mrefu. Halafu binti akasema, "Mtandao ukikatika katikati, pesa inaweza kuwa imeshatoka kwenye simu ya mgonjwa lakini jibu halijatufikia. Mfumo utamwambia hajalipa. Akibonyeza tena, analipa mara mbili. Sijaona mahali tulipoandika hapo tutafanyaje."

Mkongwe alikuna kidevu. "Hilo ni kweli," akasema. "Kwenye mfumo wa zamani tulikuwa tunalisawazisha kwa mkono kila jioni. Nililizoea mpaka nikalisahau."

Angalia kilichotokea. Ujuzi ule ulikuwemo chumbani tangu mwanzo, nusu kwa binti na nusu kwa mzee. Binti alijua kuna shimo lakini hakujua kama ni shimo la kweli. Mzee alilijua kwa miaka na hakuliona tena. Hakuna meneja ambaye angeweza kuamua vizuri badala yao, kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyekuwa na picha nzima. Walirudia kadi, nyingi zikasoma nane, na mmoja wao akapendekeza kazi igawanywe mara mbili, ule usawazishaji wa malipo utangulie. Naamini dada aliliona wazo la kuigawa kabla yao, maana nilimwona akiinua kalamu kisha akaishusha. Kuishusha kalamu ile ndio ufundi wenyewe. Wazo likitoka kwa mwendeshaji, timu inalipokea. Likitoka kwao, wanalitetea Ijumaa usiku mambo yanapoharibika.

Kwa nini kadi zilale kifudifudi? Mwanasaikolojia Solomon Asch, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliwaweka watu chumbani na kuwauliza mistari ipi miwili ina urefu sawa, swali ambalo mtoto analiweza. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu baya kwa sauti. Yule mmoja aliyekuwa hajui mpango huo alifuata jibu baya takriban theluthi moja ya nafasi, kinyume cha macho yake mwenyewe. Lakini Asch alipomweka mtu mwingine mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Kadi iliyolala inamfanya kila mtu aandike alichokiona kabla hajasikia wenzake, na mwendeshaji anayemwita wa kumi na tatu azungumze kwanza anakuwa ndiye yule mtu mmoja wa pembeni yake. Hampi jibu. Anampa mtu wa kusimama naye.

Kuna sehemu ya kazi ile ambayo haikuonekana chumbani kabisa. Siku iliyotangulia, dada alimfuata mkongwe mezani kwake, peke yake. "Mzee, shikamoo. Nina ombi. Kesho kwenye makadirio, naomba wewe uwe wa mwisho kueleza. Ukishasema wewe, vijana wanafunga vitabu." Mzee akacheka, akakubali. Ningependa wanaofundisha mambo haya kwa vitabu vya ng'ambo wakitazame kitendo hicho kwa makini. Kwetu heshima kwa mkubwa ni nguzo, na mwendeshaji anayeingia na kutangaza kwamba chumbani hakuna mkubwa wala mdogo atapata adui siku ya kwanza na unafiki siku zote zitakazofuata. Dada hakuivunja heshima. Aliitumia. Alimwomba mzee afanye jambo ambalo mzee pekee angeweza kulifanya, yaani kuwapisha wengine, na mzee akatoka kwenye kikao akiwa mkubwa kuliko alivyoingia.

Njia hiyo ya kumwendea mtu kando ina historia inayogusa jina ambalo uongozi wa namna hii umepewa, yaani uongozi wa kitumishi. Aliyeleta fikra ya kiongozi mtumishi katika maandishi ya uongozi wa kisasa ni Robert K. Greenleaf, Mmarekani aliyezaliwa Indiana mwaka 1904 na kufanya kazi karibu miaka 40 katika kampuni ya simu ya AT&T. Alipostaafu aliandika, mwaka 1970, insha kuhusu mtumishi kama kiongozi. Anaeleza kwamba wazo lilimjia aliposoma hadithi ya Hermann Hesse ya mwaka 1932 kuhusu kundi la wasafiri waelekeao Mashariki. Pamoja nao yuko Leo, anayebeba mizigo na kuwachangamsha kwa nyimbo. Siku Leo anapotoweka, kundi linagombana na kusambaratika. Miaka baadaye msimulizi anagundua kwamba Leo ndiye aliyekuwa mkuu wa jumuiya nzima iliyoandaa safari. Kipimo alichokiacha Greenleaf ni kigumu kuliko ripoti yoyote ya mwezi: je, wale wanaotumikiwa wanakua? Wanakuwa na hekima zaidi, uhuru zaidi, uwezo zaidi wa kujisimamia?

Greenleaf alikuwa Mkwekeri, muumini wa jumuiya ya Marafiki, na humo alikuta ufundi wa kikao uliokuwa na umri wa karne tatu. Katika mapokeo ya Marafiki, kikao cha shughuli za kanisa hakipigi kura. Kuna karani anayekiongoza. Karani hasukumi maoni yake. Anasikiliza wasemaji mmoja mmoja, anaacha ukimya kati yao, na anapohisi kikao kimefika mahali pamoja, anaandika uamuzi hapo hapo na kuusoma kwa sauti mbele ya wote. Asiyeona moyo wake katika maneno yale anasema, na yanaandikwa upya. Wasipofika mahali pamoja, jambo linaahirishwa. Greenleaf alimtaja kwa heshima Rafiki mmoja wa karne ya 18, John Woolman, aliyezunguka akiwatembelea waumini wenzake waliomiliki watumwa, nyumba kwa nyumba, akiwauliza maswali bila kuwakaripia. Woolman alifariki mwaka 1772. Mwaka 1776 mkutano mkuu wa Marafiki wa Philadelphia ulipiga marufuku waumini wake kumiliki watumwa. Mapokeo haya si mageni Afrika Mashariki: wamisionari wa Marafiki walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Wakwekeri wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Zana nyingi zinazouzwa leo kama uvumbuzi wa ofisi za kisasa zilikuwa zimeshatumika kwa muda mrefu na makarani wa vikao vya kanisa.

Kuandika uamuzi na kuusoma hapo hapo ni zana ninayoipenda kuliko zote. Mara ngapi watu wametoka kikaoni wakiwa wamekubaliana, na kila mmoja amekubali kitu chake? Mwendeshaji mzuri anasema, "Ngoja niandike nilivyosikia, mnisahihishe," kisha anaandika ubaoni kwa maneno ya timu, siyo kwa maneno yake. Kwa uamuzi mkubwa wa kiufundi kuna umbo zuri alilolipendekeza Michael Nygard mwaka 2011: waraka mfupi wenye mazingira ya uamuzi, uamuzi wenyewe, na matokeo yake, mazuri na mabaya. Waraka huo unaokoa timu miezi sita baadaye, anapokuja mgeni na kuuliza nani aliwashauri vibaya namna hii.

Sasa nifike penye ugumu wa kweli, yaani timu isipokubaliana. Sam Kaner na wenzake, katika kitabu chao cha uwezeshaji cha mwaka 1996, walieleza kwamba majadiliano huanza kwa kutanuka, mawazo yakiongezeka, na humalizika kwa kukaza, mawazo yakipungua hadi kubaki moja. Katikati kuna kipindi ambacho hakuna anayemwelewa mwenzake, watu wanajirudia, hasira zinapanda. Walikipa jina la kuguna, na kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi au cha ukoo anakijua kipindi hicho. Mwenyekiti wa kawaida akisikia miguno anakata: "Jamani, muda umekwenda, tufanye hivi." Anadhani ameiokoa timu. Amewakatisha wakiwa karibu kufika, maana kuguna ni dalili kwamba watu wameanza kuona jambo kwa upande wa pili na linawauma.

Fundi anakaa humo humo. Simaanishi kwamba anasubiri tu. Anamgeukia wa upande wa kwanza na kurudia hoja yake kwa ufasaha kuliko alivyoisema mwenyewe, mpaka aseme "ndiyo, hicho ndicho ninachosema." Anafanya vilevile kwa upande wa pili. Mara nyingi joto linashuka hapo hapo, kwa kuwa nusu ya ugomvi ilikuwa kutosikilizwa. Ikiwa bado, anawagawa wawili wawili wazungumze dakika tano, maana asiyethubutu kusema mbele ya wanane husema mbele ya mmoja. Halafu anaomba vidole. Kila mtu anainua mkono kwa pamoja: vitano ni ninaunga mkono kwa moyo wote, vitatu ni naweza kuishi nao, kimoja au viwili ni nina kikwazo. Hapa tena ufundi uko katika swali linalofuata. Kumuuliza wa vidole viwili "kwa nini unapinga?" kunamsukuma ukutani. Kumuuliza "nini kikibadilika utafika vitatu?" kunamgeuza kuwa mtengenezaji wa uamuzi. Nimeshuhudia kikwazo cha nusu saa kikiyeyuka kwa jibu moja: "Tufanye, lakini tuipitie tena baada ya sprinti mbili."

Mshenga mzuri anajua kwamba ndoa si yake. Anaweza kuwa ameona mengi katika pande zote mbili, lakini siku ya kuitika haitiki yeye. Mwendeshaji wa timu anaishi na nidhamu hiyo kila siku, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa watu hodari. Wengi wao wamepandishwa kwenye nafasi hiyo kwa sababu walikuwa mafundi bora wa programu, jibu wanalo. Kuwa na jibu na kulishikilia mdomoni, ukiuliza swali badala ya kulitema, kunataka mazoezi ya miaka. Na isieleweke kwamba anajifanya hajui. Timu ikikaribia kuamua jambo bila kujua ukweli fulani, analeta ukweli huo mezani waziwazi. Anachokataa ni kuwapokonya hatua ya mwisho.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo nimeliona zaidi miaka ya karibuni: kiongozi anayeitwa mtumishi anaacha kila kitu kwa kila mtu, na timu inajadili hata rangi ya kitufe kwa saa nzima. Huo si utumishi. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kujua uamuzi huu ni wa nani kabla haujaanza kujadiliwa. Mwongozo wa Skramu wenyewe unasema mmiliki wa bidhaa ni mtu mmoja, si kamati. Kipi kina thamani kwa mteja kinaamuliwa na yeye, na namna ya kukitengeneza inaamuliwa na watengenezaji. Mholanzi Jurgen Appelo, katika mafundisho yake ya uongozi, alipanga ngazi saba, kuanzia meneja anayeamua na kutangaza hadi timu inayoamua bila kumuuliza mtu. Fundi anakaa na meneja na timu, wanapitia mambo moja baada ya jingine: kuajiri, likizo, kununua seva, kuchagua lugha ya programu, kutoa toleo jipya kwa wateja. Kwa kila moja wanakubaliana ngazi, wanaibandika ukutani. Ni kikao kikavu, na kinazuia machozi mengi.

Mfano ulionifundisha zaidi kuhusu mipaka hiyo unatoka jeshini. Mwaka 1999 David Marquet alikabidhiwa manowari ya nyuklia ya Marekani, Santa Fe, baada ya kujiandaa kwa mwaka mzima kuongoza manowari nyingine tofauti. Katika zoezi moja alitoa agizo la kuongeza kasi kwa mota ya akiba, kwa kipimo ambacho manowari zake za awali zilikuwa nacho. Ofisa wake akalirudia agizo. Mshika usukani hakufanya lolote, kwa sababu Santa Fe haikuwa na kipimo hicho. Marquet alipomuuliza ofisa kama alijua, akajibiwa kwamba alijua, na aliagiza hivyo kwa kuwa nahodha amesema. Kuanzia hapo Marquet aliacha kutoa amri. Maofisa walitakiwa waje kwake wakisema wanakusudia kufanya nini na kwa sababu gani, naye akauliza maswali mpaka aridhike kwamba wamefikiri. Amri moja aliibakiza mikononi mwake: kufyatua silaha. Manowari haikuwa timu ya ajaili, lakini watu wa ajaili wanakisoma kwa haki kitabu alichokiandika kuhusu manowari hiyo. Kinaonyesha kwamba kugawa uamuzi kunaanza kwa kutaja waziwazi ule ambao hautagawiwa.

Uamuzi ukishafanywa, kazi ya kuulinda inaanza. Mkuu wa idara atapita Jumatano na kusema, "Nimesikia mmechagua njia ile. Kwa nini msifanye hii?" Mtu akiwa mkubwa, pendekezo lake ni agizo hata asipotaka liwe hivyo. Skramu masta aliyeiva anamkaribisha ofisini mwa timu, anamfungulia ule waraka wa uamuzi, anamwomba aongeze ukweli ambao timu haikuwa nao. Kama anao, timu inakaa upya. Kama hana, mkuu anaondoka akiwa amesikilizwa na uamuzi unabaki ulipo. Kusimama hapo katikati kunahitaji ujasiri ambao hauandikwi kwenye tangazo la kazi.

Na uamuzi ukiharibika, kuna kikao cha mwisho wa sprinti cha kujitazama. Norman Kerth, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliweka sharti kwamba kila anayeingia humo akubali kwanza kuwa wenzake walifanya bora walivyoweza kwa walichokijua wakati ule. Esther Derby na Diana Larsen, mwaka 2006, wakagawa kikao hicho katika hatua tano: kufungua, kukusanya yaliyotokea, kutafuta maana yake, kuamua la kufanya, kufunga. Kuamua ni hatua ya nne. Vikao vingi nilivyoviona vikishindwa vilianza na hiyo ya nne.

Ufundi huu haupatikani kwa cheti cha siku mbili, ingawa cheti si dhambi. Kinampa mtu majina ya zana. Unapatikana kwa kukaa karibu na anayeujua, kuendesha vikao vingi, na kuuliza baada ya kila kimoja nani hakusema neno na kwa nini. Ndiyo maana inaniuma kuona unavyotumiwa vibaya. Skramu masta wengi hapa kwetu wamegeuzwa makarani wa kukusanya ripoti na wapigaji kengele wa dakika 15, wakigawiwa timu tano au sita kwa mpigo, halafu wakubwa wanashangaa kwa nini timu bado zinangoja kuambiwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa idara na wakurugenzi wanaoajiri watu hawa. Mpeni timu moja, ikizidi sana mbili. Kaeni naye mapema mwandike ni maamuzi gani mmeiachia timu kweli, na yapi bado ni yenu. Msimtume kuuliza kazi itaisha lini. Na siku mtakapoingia kwenye kikao chake, chukueni kiti cha pembeni, mfiche kadi zenu kama wengine, na mkubali kusema mwisho.